Desibeli hazipimi bomu la nyuklia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na naomba radhi mapema kwa urefu, maana jambo lenyewe lina hesabu ndani yake. Kila inapokaribia Agosti 6, siku ya kumbukumbu ya Hiroshima, na kila vita vinapopamba moto mahali fulani duniani, magazeti na kurasa za mitandaoni hutuletea takwimu ileile: bomu la nyuklia lina mlio wa desibeli 240. Wengine huandika 280. Takwimu hiyo ina kasoro mbili. Haitaji umbali, na inatumia kipimo cha sauti kwa kitu ambacho, kwa nguvu hiyo, si sauti tena.

Nianze na umbali. Desibeli hupimwa pale aliposimama msikilizaji. Ndiyo maana kwenye karatasi za jenereta zinazouzwa madukani huandikwa desibeli kadhaa "kwa mita 7". Ukiondoa hizo mita 7, namba inayobaki haimsaidii mnunuzi kwa lolote. Bomu nalo ni hivyo hivyo. Aliye kilomita moja, aliye kilomita 10 na aliye kilomita 100 hawapati kitu kimoja, na tofauti yao ni kati ya kufa, kukatwa na vioo, na kudhani kuwa kuna radi upande wa pili wa milima.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Desibeli ni njia ya kuandika shinikizo la hewa. Huanzia kwenye maikropaskali 20 (paskali ni kizio cha shinikizo; maikropaskali ni sehemu yake moja ya milioni, na kilopaskali ni paskali 1,000), kiasi cha sauti ndogo kabisa ambayo sikio zima linaweza kuinasa, na kila zikiongezeka desibeli 20 shinikizo huwa limezidishwa mara 10. Sauti ni hewa inayobanwa na kulegezwa kwa zamu, kupanda na kushuka kutoka kwenye shinikizo la kawaida la anga, ambalo usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Kubana hakuna mwisho. Kulegeza kuna mwisho, kwa sababu hewa ikishalegezwa hadi pakawa patupu, hakuna cha kulegeza tena. Wimbi linalofikia kiwango hicho lina desibeli 194. Kuanzia hapo, na kwa kweli hata kabla ya hapo kidogo kidogo, tabia ya wimbi hubadilika: sehemu yake ya mbele inakuwa ukuta mwembamba wa hewa iliyobanwa, unaokimbia kuliko sauti, na nyuma yake hewa yenyewe inahama na kuwa upepo. Hilo ndilo wimbi la mshtuko.

Sasa tupige hesabu ya hizo 240. Zinatoka paskali milioni 20, sawa na shinikizo la anga mara 200 hivi. Zile 280 zinatoka mara 20,000. Mashinikizo ya namna hiyo yapo kweli kwenye mlipuko wa nyuklia, ila yapo ndani ya eneo linalomezwa na tufe la moto. Hapo hakuna sikio la kusikia wala jengo la kutikisika. Kuwaambia wasomaji kwamba huo ndio "mlio wa bomu" ni kuwapa namba ya mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja atakayekuwa hai kuutumia ushauri wowote.

Tena desibeli zinaficha ukubwa wa silaha. Bomu la Hiroshima lilikuwa na nguvu ya kilotani 15 hivi, yaani tani 15,000 za baruti ya TNT. (Urani yake nyingi, tuwakumbushe ndugu zetu wa Katanga, ilitoka mgodi wa Shinkolobwe.) Bomu ambalo Wamarekani walililipua kisiwani Bikini Machi 1, 1954 lilitoa megatani 15, mara 1,000 zaidi. Nguvu ikiongezeka mara 1,000, umbali wa madhara ya mgandamizo huongezeka mara 10, kwa sababu umbali hufuata kipeuo cha tatu cha nguvu. Eneo linaloharibika huongezeka mara 100. Lakini ukisimama mbali, mahali pamoja, ukayapima yote mawili, yatapishana kwa desibeli 20 tu, na msomaji wa kawaida atasema: kumbe hayapishani sana!

Wanaofanya kazi hii hutumia shinikizo la ziada, yaani kiasi ambacho wimbi linapita juu ya shinikizo la kawaida la anga, kwa kilopaskali. Faida yake ni kwamba unajua moja kwa moja kitakachovunjika. Vioo vya kawaida vya dirisha huvunjika kati ya kilopaskali 3 na 7. Kilopaskali 34 huangusha nyumba za makazi, za mbao na za matofali yasiyo na nondo. Dereva yeyote anajua tairi la gari dogo hujazwa upepo wa PSI 30 hivi. Hizo kilopaskali 34 ni PSI 5, sehemu moja ya sita ya upepo wa tairi, na zinatosha kulaza nyumba. Inashangaza mpaka ukumbuke kwamba ukuta una eneo kubwa. Kilopaskali 34 ni uzito wa tani tatu na nusu kwa kila mita ya mraba. Mlango wa kawaida unasukumwa na tani sita na zaidi. Na ukuta unaotazamana na mlipuko hupata zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa kuwa wimbi linalogonga na kurudi linajipanda lenyewe.

Mwili wa binadamu, ajabu, ni mgumu kuliko nyumba. Kiwambo cha sikio huanza kupasuka kwenye hizo kilopaskali 34, na ni nusu tu ya watu watakaopasuka viwambo shinikizo likifika karibu 100. Mapafu huanza kuumia kwenye kilopaskali 80 hadi 100. Kufa kwa mgandamizo wenyewe kunahitaji 200 na zaidi. Kwa hiyo ile kauli kwamba "mlio unaua" inapotosha. Wanaouawa na wimbi hili, wengi wao huuawa na vitu: dari inayoanguka, tofali linaloruka, kioo kilichogeuka visu, au wao wenyewe kurushwa na upepo na kugonga kitu kigumu.

Upepo nao una namba zake. Chukua bomu la megatani moja likilipuka hewani kwenye urefu wa mita 2,400 hivi. Kilomita 18 au 19 kutoka chini yake kuna kilopaskali 7 na upepo wa kilomita 55 kwa saa: vioo vinakwenda, paa dhaifu zinang'oka. Kwenye kilomita 9 na nusu ni kilopaskali 20 na upepo wa 150. Kwenye kilomita 7 ndipo zinapopatikana zile kilopaskali 34 pamoja na upepo wa 260 kwa saa, zaidi ya kimbunga kikali. Kwa bomu la Hiroshima, gawanya umbali huo wote kwa nne: nyumba zinalala hadi kilomita 1.7 hivi, vioo hadi 4 na nusu na kuendelea.

Kuna jambo moja ambalo namba za kilele haziwezi kulieleza, nalo ni muda. Wakazi wa Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, jijini Dar es Salaam, wanajua milipuko ya maghala ya silaha ilivyo: mfululizo wa vishindo vikali na vyuma vinavyoruka hadi kwenye makazi. Wimbi la bomu la kawaida linabana kwa elfu chache za sekunde, kisha limekwisha. Linachapa ukuta, ukuta unatikisika, na kabla haujaanza kwenda tayari msukumo umeondoka. Bomu la nyuklia la kilotani 15 linabana kwa nusu sekunde au zaidi, na la megatani moja kwa sekunde mbili, tatu. Ukuta unasukumwa, unaanza kulala, na bado unasukumwa. Jengo linajazwa na shinikizo pande zote na kupondwa kama lilivyo. Halafu inakuja zamu ya kulegezwa: hewa inavutwa kurudi kwenye kitovu, kwa nguvu ndogo zaidi lakini kwa muda mrefu zaidi, na vipande vilivyokwenda upande mmoja vinageuza njia. Ndiyo maana vioo hupatikana ndani ya chumba na nje pia.

Ipo picha moja ya filamu inayoonyesha haya yote kuliko maelezo yoyote. Machi 17, 1953, jangwani Nevada, Wamarekani walijenga nyumba mbili za mbao za ghorofa moja juu, wakaweka samani ndani na masanamu ya watu, kisha wakalipua bomu la kilotani 16 juu ya mnara wa mita 91. Jaribio liliitwa Annie. Nyumba ya kwanza ilikuwa mita 1,067 kutoka kwenye mnara. Kulikuwa bado giza. Mwanga wote unaouona kwenye filamu ni wa bomu. Kwanza nyumba nyeupe inang'aa kama mchana wa jua kali. Kisha rangi ya ukuta wa mbele inaanza kufuka moshi mweusi. Nyumba bado imesimama wima, hakuna kilichotikisika, hakuna sauti iliyofika. Sekunde mbili hivi baada ya mwanga ndipo wimbi linapogonga: moshi unafagiwa, ukuta wa mbele unaingia ndani, paa linanyanyuka, na nyumba nzima inasambaratika kuelekea nyuma. Kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho ni sekunde mbili na theluthi. Shinikizo hapo lilikuwa kilopaskali 34, kwa desibeli 185. Nyumba ya pili, mita 2,286 kutoka mnarani, ilipata kilopaskali 12. Ilibaki imesimama, bila vioo, milango imeng'oka, na masanamu ya watu yametupwa ovyo sakafuni. Kwa desibeli hiyo ni 176. Tofauti ya nyumba iliyopo na nyumba isiyokuwepo ni desibeli 9.

Huko nako waandishi wa habari walikuwa wamekaa kwenye kilima chao kilomita 11 kutoka mnarani. Ndipo ilipopatikana mojawapo ya rekodi chache za sauti halisi ya bomu la nyuklia. Mwanga unafika, watu wanaongea, sekunde zaidi ya 30 zinapita, kisha unasikika mpasuko mmoja mkavu, mfupi, kama wa risasi, na baada yake ngurumo ndefu inayorudishwa na milima. Hakuna kile kishindo kizito cha sinema kinachopiga pamoja na mwanga. Filamu nyingi za majaribio zilipigwa bila sauti kabisa. Kishindo kilipachikwa baadaye studioni, tena kikawekwa mahali pasipo pake, pamoja na mwanga. Anayeona video bomu limelipuka upeo wa macho na sauti imefika papo hapo, ajue sauti hiyo imepachikwa. Hesabu ni nyepesi: kilomita moja kwa kila sekunde tatu. Karibu kabisa na bomu wimbi hukimbia zaidi ya hapo, lakini likishafika kilomita chache linashuka na kwenda mwendo wa sauti, mita 340 kwa sekunde.

Na kwa nini mpasuko uwe mfupi wakati wimbi linabana kwa nusu sekunde nzima? Kwa sababu sikio halisikii kinachopanda na kushuka chini ya mara 20 kwa sekunde. Wimbi la bomu la nyuklia sehemu yake kubwa iko chini ya hapo, kwenye mtetemo mmoja kwa sekunde au pungufu. Tunachosikia ni ile ncha ya mbele tu, inayopanda ghafla. Mwili mzima uliobaki wa wimbi unapita kimya, ukifungua milango na kusukuma kuta. Hapa ndipo hata mtu mwenye mita ya sauti anapokosea. Mita hizo za kupimia kelele viwandani na kwenye kumbi za muziki kwa kawaida zimewekwa kwenye mizani ya A, inayoiga sikio. Mizani hiyo hukata desibeli 50 kwenye mitetemo 20 kwa sekunde na 70 kwenye mitetemo 10. Ukiipeleka kwenye mlipuko mkubwa itakupa namba ndogo isiyo na uhusiano na kilichotokea. Simu nayo ina udhaifu wake: maikrofoni yake hujaa mapema sana, kuanzia desibeli 120 au 130, na simu yenyewe hupunguza sauti kali bila kukuuliza. Ndiyo maana kwenye video nyingi za mlipuko wa bandari ya Beirut, Agosti 4, 2020, kishindo kinasikika kama mkwaruzo uliokatika. Usikadirie nguvu ya mlipuko kwa sauti ya simu.

Namna nzuri ya kukadiria kwa haraka aliionyesha mwanafizikia Enrico Fermi. Julai 16, 1945, kwenye jaribio la kwanza kabisa huko New Mexico, alikuwa yapata kilomita 16 kutoka kwenye bomu. Hakuwa na chombo chochote mkononi isipokuwa vipande vya karatasi. Sekunde 40 hivi baada ya mwanga, wimbi lilipomfikia, alikuwa akiviangusha kutoka urefu wa mita moja na sentimita 80. Vilivyoanguka wakati wimbi linapita vilisogea mita mbili na nusu. Kutokana na hapo akakadiria tani 10,000 za TNT. Vipimo vya baadaye vilitoa kilotani 21 na zaidi, kwa hiyo alikuwa nusu ya ukweli, na kwa vipande vya karatasi hilo si dogo. Mtazame alichopima: ni kuhama kwa hewa.

Hiroshima kwenyewe ushahidi ni uleule. Bomu lililipuka mita 580 juu ya mji, na wimbi lilifika chini kwa muda usiozidi sekunde moja. Wengi wa walionusurika katikati ya mji walikumbuka mwanga mkali, kisha kujikuta chini ya vifusi, kishindo hawakukikumbuka. Waliokuwa kilomita nyingi nje ya mji ndio waliosikia kishindo cha kutisha. Aliyekaribu alipata pigo na nyumba kumwangukia kwa wakati mmoja, na sikio lililopigwa namna hiyo haliwezi kutoa ushahidi. Urefu huo wa mita 580 haukuwa wa bahati. Wimbi linalotoka juu hugonga ardhi na kurudi, na lile la kurudi, likipita kwenye hewa iliyokwisha kupashwa joto, hulikamata la kwanza. Yakiungana huwa ukuta mmoja uliosimama wima, unaokwenda sambamba na ardhi na wenye nguvu kuliko kila moja peke yake. Bomu likilipukia chini huchimba shimo na kuchafua udongo, lakini huangusha nyumba katika eneo dogo zaidi.

Mbali zaidi, mambo yanatawaliwa na hali ya hewa kuliko nguvu ya bomu. Sauti hupinda. Juu ya ardhi yenye joto hupinda kwenda juu, ikaacha ukanda wa ukimya, kisha tabaka za juu huirudisha chini mbali sana. Mtu wa kilomita 60 asisikie, wa kilomita 150 akapasukiwa dirisha. Majaribio ya mwanzoni mwa 1951 huko Nevada yalivunja vioo Las Vegas, mji ulio kilomita 100 hivi, na tangu hapo wataalamu wa hali ya hewa wakawa na neno la kusema kabla bomu halijalipuliwa. Bomu kubwa kuliko yote, la Warusi, Oktoba 30, 1961 huko Novaya Zemlya, megatani 50 katika urefu wa mita 4,000, lilivunja vioo mamia ya kilomita mbali na wimbi lake likapimwa likizunguka dunia mara tatu.

Hata hivyo, kwa masikio ya binadamu, rekodi ya umbali wa bahari yetu inashikiliwa na mlima. Agosti 27, 1883, Krakatoa huko Indonesia ulipolipuka, watu wa kisiwa cha Rodrigues, jirani ya Mauritius, kilomita karibu 4,800, walisikia kama mizinga ya meli baharini. Sauti ilikuwa imesafiri saa nne. Kipimo cha kiwanda cha gesi cha Batavia (Jakarta ya leo), kilomita 160 kutoka mlimani, kiliruka zaidi ya kilopaskali 8, yaani desibeli 172 hivi. Hiyo ni takwimu ya kuandikwa gazetini, kwa sababu ina mahali pake. Mawimbi ya aina hii yasiyosikika ndiyo yanayowindwa leo na mtandao wa vituo uliowekwa chini ya mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia wa 1996. Kimoja kipo Nairobi. Kituo kina vihisi kadhaa vilivyotawanywa kwa umbali wa kilomita moja hadi tatu, kila kimoja kikiwa na mabomba ya kupokea shinikizo la hewa kutoka sehemu nyingi ili upepo wa kawaida usije ukadhaniwa mlipuko. Wimbi likipita hufika kwenye vihisi kwa kupishana sekunde, na kwa tofauti hiyo unajua limetoka upande gani.

Sasa jambo linalomhusu kila mtu, hata asiyejali mabomu. Mwanga unatangulia, pigo linafuata, na katikati kuna sekunde. Mwanadamu akiona mwanga wa ajabu hukimbilia dirishani. Februari 15, 2013, kimondo kililipuka juu ya mkoa wa Chelyabinsk, Urusi, kwa nguvu ya kilotani 500 hivi, juu sana angani. Watu walisogea madirishani kutazama mstari wa moshi. Wimbi likafika zaidi ya dakika moja baadaye. Watu wapatao 1,500 walihitaji matibabu, wengi wao kwa kukatwa na vioo. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hakusubiri kujua ni nini: aliwaamuru wanafunzi wake 44 waingie chini ya madawati. Yeye alikatwa, watoto hawakuguswa. Beirut nako wengi walikuwa kwenye roshani na madirisha wakipiga picha moshi wa moto wa kwanza.

Kwa hiyo, ukiona mwanga mkali usiouelewa, au moto mkubwa kwenye ghala au bandari, usiutazame na usisogelee kioo. Lala chini kifudifudi hapo hapo, miguu ikielekea upande wa mwanga, nyuma ya kitu kigumu kama kipo, lakini si kwenye kona ya kuta mbili zinazotazamana na mlipuko, kwa sababu kona hukusanya wimbi. Fumba macho, ziba masikio kwa viganja, funika shingo kwa mikono. Ukiwa ndani, nenda kwenye korido au chini ya meza nzito. Kaa hivyo dakika mbili kamili hata kama pigo limekwishapita, maana kuna mwangwi na kuna ile hewa inayorudi. Kosa linalojirudia ni kuinuka baada ya sekunde 10 kwa kuwa "hakuna kilichotokea". Aliye kilomita 18 kutoka kwenye bomu la megatani moja ana sekunde 50 za kungoja.

Nimekaa sana kwenye wimbi kwa kuwa ndilo linaloandikwa vibaya, ila si peke yake. Katika bomu linalolipuka hewani, nusu hivi ya nguvu huwa mgandamizo, theluthi na kidogo huwa joto, na iliyobaki mionzi. Joto hufika pamoja na mwanga, kabla ya sauti. Hiroshima liliunguza ngozi zilizokuwa wazi hadi kilomita 3 na nusu, na moto uliofuata ukateketeza karibu kilomita 11 za mraba za mji. Bomu likilipukia ardhini, vumbi lenye mionzi huanza kushuka ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa. Ukali wake hupungua mara 10 kila muda unapozidishwa kwa saba: kilichokuwa 100 baada ya saa moja ni 10 baada ya saa saba, na ni 1 baada ya siku mbili. Kukaa ndani ya jengo la matofali au zege, katikati yake, kwa saa 24 za kwanza ndiko kunakopunguza dozi kuliko dawa yoyote.

Ombi langu kwa dawati lako la habari, Ndugu Mhariri: ikija habari yenye desibeli, iulizwe bomu ni la kilotani ngapi, limelipuka urefu gani, na namba hiyo imepimwa umbali gani. Mwandishi akikosa jibu, afute desibeli aweke kilopaskali pamoja na kilomita. Na video mkiziweka kwenye tovuti, andikeni chini yake kama sauti ni halisi au imepachikwa.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro.